Maharaj Asiyejua Kupika

Mmeniomba mapishi. Tangu nitundike aproni mwezi uliopita, kila anayenipigia simu kutoka jikoni anataka kujua kipimo cha mvuje, kiungo chetu kinachonuka. Haya, kipimo ni kidogo kuliko unavyodhani, na mkebe wake ufungwe ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya mfuko mwingine, la sivyo mpaka soksi zako zitanuka. Mapishi yamekwisha. Ninayotaka kuwaandikia ni habari ya kile kigoda kilichopauka, kilichoko kando ya dirisha la kupitishia sahani. Nimesikia mnakigombania kila mchana, na hakuna hata mmoja wenu anayejua kilikuwa cha nani.

Nilifika Minneapolis mwanzoni mwa miaka ya tisini kusomea unesi. Mama yangu alipika kwa Wahindi wa Mombasa ujana wake wote, na kila nilipochungulia jikoni alinifukuza kwa mwiko. "Nenda ukasome! Unataka uje unuke vitunguu kama mimi?" Basi nikasoma. Nikavuka bahari, nikaingia chuoni, na muhula wa pili nikaanguka masomo mawili na kuacha. Wiki tatu baadaye nilikuwa kaskazini mashariki mwa mji, mbele ya mkahawa wa Kihindi wenye meza nane, Januari, kope zimeganda, nikiuliza kama wanahitaji mtu jikoni. Mama asingejua acheke au alie.

Mwenye mkahawa alikuwa mjane aliyezaliwa Kisumu, jina lake Kusum. Nilimwita memsahib, jinsi mama alivyozoea kuwaita waajiri wake. Akaweka kisu chini.

"Wewe umetoka wapi?" Kiswahili kimenyooka, cha sokoni Kisumu.

"Mombasa."

"Basi sikiza. Memsahib tulimwacha Kenya. Hapa kuna Kusumben, yaani dada Kusum, na kuna theluji. Koleo iko nyuma ya mlango."

Siku ya kwanza nilizoa theluji, nikamenya vitunguu gunia zima, nikajikata mara mbili. Siku ya pili akanisimamisha mbele ya karai akaniambia nifumbe macho. Kusumben alifundisha kwa masikio. Mafuta yakipata moto unatia haradali na kufunika, zinaanza kulia kama mvua kwenye bati. Zikinyamaza ndipo unatia mvuje, na usizubae, maana kati ya kunyamaza na kuungua ni pumzi mbili. Miezi miwili baadaye nilikuwa nikipika vyakula ambavyo mama alinikataza hata kuvinusa. Nilikuwa hodari, nasema bila aibu. Aibu ilikuwa mahali pengine.

Nyumbani niliandika kwamba nimepata kazi hospitali. Kanisani nilisema vilevile. Kanisa letu la Wakenya lilikuwa St. Paul, ibada saa nane mchana, na karibu kila mtu pale alifanya kazi hospitalini au kwenye nyumba za wazee. Wenzangu walizungumza habari za zamu na wagonjwa mimi nikitikisa kichwa kama mwenzao. Nilinunua viatu vyeupe vya manesi nikavivaa kila Jumapili. Nilivivaa na jikoni pia, kwa kuwa havitelezi kwenye mafuta. Mkitaka ushauri wa vifaa, huo hapo: viatu vya nesi ni vizuri sana kwa mpishi.

Sasa Maharaj. Kwa Wahindi wetu wa Gujarat, maharaj ni mpishi wa tabaka la makuhani, Mbrahmini, ambaye mikono yake haina shaka, hivyo hata mwenye masharti makali kabisa anaweza kula chakula chake. Mwaka wangu wa kwanza, chama cha Wahindi wa mji kilimwomba Kusumben awapikie karamu ya sikukuu, watu mia mbili, chakula cha mboga tupu, bila kitunguu wala saumu. Wakaja wajumbe wawili kukagua, wakauliza, "Mpishi wako ni nani?" Mimi nilikuwa mlangoni, nimeloa jasho, mwiko mkononi. Kusumben akanitazama, akawatazama, kisha akanyoosha kidole kwenye meza ya pembeni, ambako mzee mmoja mwembamba alikuwa akila dengu peke yake, uzi mweupe wa Kibrahmini ukichungulia kwenye kola.

"Yule," akasema.

Yule alikuwa karani wa benki mstaafu kutoka mji mdogo wa Gujarat. Alikuwa akiishi Woodbury kwa mwanawe, ambako, kwa maelezo yake, chakula kilitoka kwenye barafu kikarudi kwenye barafu. Hata chai hakuweza kuchemsha. Lakini karamu ilipofika alivishwa nguo nyeupe, akasimamishwa mbele ya sufuria nilizopika mimi usiku na mchana, na watu wakapanga foleni kumgusa miguu kwa heshima. Nilikuwa nyuma ya dirisha nikiwasikia.

"Unaona tofauti?" bibi mmoja alimwambia mwenzake. "Huu ni mkono wa Mbrahmini. Ulimi unajua."

Ulimi unajua! Nilicheka hadi Kusumben akanifunika mdomo kwa taulo.

Tangu siku hiyo mzee akawa Maharaj wetu. Alikuja kila siku, akala chakula chake, na kukaa kwenye kigoda kando ya dirisha akisoma gazeti la kwao lililofika limechelewa wiki mbili. Mgeni akichungulia jikoni, Maharaj alishika mwiko. Mgeni akiondoka, alinirudishia. Tulizungumza kwa Kiingereza chake cha benki na Kigujarati changu cha jikoni, na mengine nayaandika hapa kwa lugha yetu. Mzee mpole, msafi, mwenye haya. Nilimpenda.

Mteja mwingine mliyepaswa kumjua ni Jayantibhai. Alikuwa na maduka ya dawa na jumba kubwa Eden Prairie, na alikuwa msemaji wa maadili wa jamii nzima. Vijana wasichanganyike. Wajane wakae wanavyopaswa kukaa wajane. Nyama isikanyage karamu za chama, hata yai ndani ya keki. Na kila Alhamisi, saa kumi na nusu, gari lake lilisimama mlango wa nyuma, mlango ukagongwa mara mbili, nami nikampa mbuzi wa kukaanga kilo nzima kwenye mkebe ulioandikwa "kabeji". Aliuchukua bila kunitazama usoni. Mara moja tu alizungumza, alipogundua nimepunguza mifupa. "Mifupa, ben," alisema kwa uchungu wa kweli. "Bila mifupa, ni nini?"

Miaka ile ya tisini kwao India walikuwa wakipiga kura mara kwa mara, serikali inaanguka hata haijajua vyoo viko wapi. Wanaume walijaa kwenye mkahawa Jumapili usiku wakibishana mpaka chai ikapoa. Nilichojifunza nikipitisha sahani ni kwamba kila mmoja aliwajua wezi wote wa siasa za kwao kwa majina ya baba zao, na kila mmoja angempigia kura mwizi wa jamii yake. Mgombea ana kesi ya kuua? Kesi ni fitina. Ana nyumba mbili na wake wawili? Mwanaume ni mwanaume. Mwanamke mmoja amegombea, naye ameachika? Hapo sasa vijiko vinawekwa chini. "Ameachika kwa nini? Tunamjua?"

Mchana mmoja, mkahawa umetulia, nilimuuliza Maharaj yeye kwao alimpigia nani. Nilikuwa natania. Akakunja gazeti taratibu, kona kwa kona.

"Nina binti, Nirmala," akasema. "Mwalimu. Aligombea kiti cha mji wetu, kwa sababu ya maji. Mtaa wa chini walikuwa hawana bomba."

"Ukampigia!"

"Alikuwa ameolewa na kijana wa mtaa huo wa chini. Watu wa kuchuna ngozi. Kwetu, mtu wa tabaka langu hanywi maji nyumbani kwao. Sijawahi kula nyumbani kwa binti yangu, ben. Hata biskuti." Alinyoosha gazeti lililokwisha kunyooka. "Aliyeshindana naye alikuwa na kesi ya kuua. Nilimpigia huyo wa kesi."

"Maharaj! Kwa nini?"

"Watu walikuwa wananitazama."

"Si kura ni siri?"

"Ni siri. Ndiyo maana sina hata mtu wa kumsingizia."

Nikamwekea chai. Alipoimaliza akaniambia kwamba Nirmala alishindwa kwa kura chache, na mtaa wa chini bado walichota maji kwa ndoo.

Karibu na mwisho wa muongo, chama kilinunua jengo la shule kuukuu kule Inver Grove Heights, likiwa na ukumbi na jiko kubwa ambalo ninalionea wivu mpaka leo. Meko kumi na mbili! Hapo ndipo vita vilipoanza. Jayantibhai akagombea uenyekiti kwa hoja moja, usafi wa jiko. Waingie watu wa mboga tu. Waingie watu wa jamii tu. Na mwanamke aliye kwenye siku zake asikanyage. Zote hizo zilichapwa kwenye karatasi ya waridi na kubandikwa hadi kwenye dirisha letu la mbele, na mbandikaji akanunua sambusa mbili za nyama akienda zake.

Kusumben aliisoma akiwa amesimama.

"Wanawake walio kwenye siku zao," akasema. "Sawa. Nani atakagua? Mwenyekiti mwenyewe?"

Siku ileile akachukua fomu ya kugombea. Mwanzoni nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Alikuwa mjane anayevaa nyekundu, rangi ambayo mjane wa kwao haruhusiwi. Aliishi na Carl, mzungu fundi wa tanuru za kupasha joto nyumba, bila ndoa na bila kumficha, na siku za joto waliketi kibarazani wakinywa bia mchana kweupe. Hoja yake ilikuwa sentensi moja: anayenawa mikono aingie jikoni.

"Nikishindwa," aliniambia tukikatakata dania, "hizo meko kumi na mbili zitafungiwa watu kama wewe na mimi. Na karamu zao zitataka mpishi. Unajua watamtaka nani?"

Tulimgeukia Maharaj. Alikuwa amelala kwenye kigoda, mdomo wazi.

"Watakufa njaa," nikasema.

"Hawatakufa. Watakuja mlango wa nyuma." Hakucheka. "Nimechoka na mlango wa nyuma, Phile. Nimewalisha miaka kumi kupitia mlango wa nyuma. Siku ya mkutano nitawaambia ni nani anapika. Utasimama?"

Nikasema, "Nitasimama." Nilisema haraka, jinsi mtu anavyosema akiwa bado mbali na siku yenyewe.

Siku ya mkutano ilikuwa Jumamosi. Nilipika tangu alfajiri, mara ya kwanza na ya mwisho kwenye meko zile: biringanya, dengu, viazi vya haradali, puri mia tano. Watu walikula kwanza, ndipo wakapiga kelele za siasa, na huo ndio utaratibu ninaoukubali. Jayantibhai alihutubia juu ya usafi akijifuta midomo. Kusumben alipanda na sari nyekundu, na safu nzima ya mabibi ikavuta pumzi kwa pamoja. Kabla hajafungua mdomo kusema la mpishi, Maharaj akasimama.

Hakupangwa. Hakuna aliyemtuma. Alisimama katika nguo zake nyeupe, akainua mikono miwili juu.

"Mmegusa miguu yangu miaka mingi," alisema. "Mikono hii haijawahi kupika. Hata chai. Aliyepika leo, na kila sikukuu, ni yule." Akanionyesha, nikiwa kwenye dirisha, mikono yangu mpaka kwenye kiwiko ina unga. "Nimewahi kupiga kura mara moja kwa woga. Leo nampigia Kusumben, na ninasema kwa sauti."

Watu mia mbili wakageuka. Jayantibhai, mtu wa mbuzi wangu, mtu wa mifupa, akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu kama daktari: "Dada, ni kweli? Wewe ndiye umepika?"

Na hapo ndipo nilipomwona Wairimu. Safu ya tatu, gauni la Jumapili. Wairimu wa kanisani kwetu, katibu wa akina mama, nesi wa kweli mwenye vyeti. Daktari mmoja Mhindi aliyefanya kazi naye alikuwa amemkaribisha chakula. Alikuwa ananitazama, sahani mapajani, biringanya yangu mdomoni.

Nilichosema ni hiki. Nimekirudia kichwani miaka yote, kwa hiyo siwezi kukikosea.

"Hapana. Mimi ni nesi. Nimekuja tu kuwasaidia kuosha sufuria."

Ukumbi ukapumua. Mtu akacheka, kisha wote wakacheka, kicheko cha watu waliorudishiwa chakula chao tumboni kikiwa safi. Vijana wawili wakamshika Maharaj mabega wakamkalisha kwa upole, mzee amechoka, jua limemchoma, ingawa nje theluji ilikuwa inaanguka. Yeye hakubisha. Alinitazama mara moja tu. Laiti angenikasirikia.

Wakapiga kura kwenye debe la samli. Kusumben alipata tisa. Baadaye, mabibi walipokuja dirishani mmojammoja kumnong'oneza, "Mimi nilikupigia wewe," nilihesabu zaidi ya arobaini. Bibi mmoja wa Woodbury alikuwa mkweli kidogo. Kusumben alimuuliza, "Hivi hamjui kama Jayanti anakula mbuzi?"

"Tunajua, ben. Nani hajui?"

"Na bado?"

"Lakini yeye anajificha," bibi akasema, kwa upole kabisa. "Kujificha ni kutuheshimu. Wewe huyo fundi wako unakaa naye kibarazani."

Njiani kurudi, Kusumben aliendesha gari. Tulivuka mto, tukapita taa zote. Nilitaka anitukane. Tulipofika mlangoni alisema tu, "Viatu vyako vina unga."

Kesho yake nilikwenda kanisani kama mwizi anayerudi kuangalia kama amefuta alama. Baada ya ibada Wairimu alinifuata kwenye gari. Nilikuwa nimekwisha tunga maelezo, nilikuwa nimealikwa, nilikuwa najitolea siku zangu za mapumziko.

"Phile, aki wewe," akasema. "Zile biringanya! Kwani ulitia nini?"

"Mimi sikupika, nilikuwa tu..."

"Ebu acha." Alinishika mkono. "Kwani ulidhani hatujui? Sisi tulijua mwaka wa kwanza tu. Nesi gani huyu ananuka mvuje? Ukiingia kanisani watoto huuliza kama kuna sambusa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ah, si ni heshima tu. Tukasema tukuache."

Nilikaa kwenye gari mpaka kioo kikaganda kwa ndani. Nilimkana mzee mbele ya watu mia mbili ili kulinda siri ambayo kanisa zima lilikuwa nayo, watoto pia. Mimi niliyewacheka Wahindi na siri zao! Nililia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Jumatatu nilifika mapema. Maharaj alikuwa amenitangulia, amesimama.

"Kaa, Maharaj," nikasema.

"Leo sikai."

"Nilikukana. Mbele ya watu. Sina hata la kujitetea."

Akavua koti, akalitundika. "Mimi nilimkana binti yangu ndani ya kibanda cha kura," akasema. "Wewe umemkana mzee asiye hata ndugu yako. Tusishindane. Nimesema ukweli hawakuamini, na sasa wamenikabidhi funguo za jiko lao. Njia imebaki moja tu, huu uongo niufanye kweli. Nifundishe."

Akakunja mikono ya shati. Ilikuwa mikono ya karani, laini, kidole cha kati kina sugu ya kalamu.

Nikampa kisu na biringanya.

Alhamisi ya juma hilo gari lilisimama nyuma, mlango ukagongwa mara mbili. Kusumben akafungua mwenyewe. "Hongera, Mwenyekiti. Mlango huu umefungwa. Wa mbele uko wazi, tunaandaa mezani." Akaufunga. Jayantibhai alikosa Alhamisi tatu. Ya nne aliingia kwa mbele, kola imesimama hadi masikioni, akachagua meza iliyotazama ukuta. Alipogeuza kichwa kuomba mifupa, aliwakuta wajumbe watatu wa kamati yake kwenye meza nyingine, nao wametazama ukuta. Wakasalimiana kwa adabu. Kila mmoja akamalizia mbuzi wake. Muhula uliofuata walimchagua tena.

Maharaj alijifunza majira ya baridi yote. Aliunguza haradali mpaka kengele ya moto ikalia, akajikata, akatia chumvi mara mbili kwa sababu alisahau ya kwanza. Sikumhurumia, kama ambavyo mwalimu wangu hakunihurumia. Nilimfumbisha macho. "Zinalia bado?" "Zinalia." "Na sasa?" "Zimenyamaza." "Basi unangoja nini, mvuje!"

Karamu yake ya kwanza kwenye lile jiko safi alipika peke yake kweli, na chakula kilikuwa cha kumezwa tu. Nilikuwepo; safari hii Kusumben na mimi tulinunua tiketi tukakaa ukumbini kama watu. Bibi mmoja akamwendea na sahani. "Maharaj, mkono wako umepotea. Ile ladha ya zamani iko wapi?"

Maharaj akaangaza ukumbi mpaka akaniona. "Iko pale," akasema kwa sauti. "Inaosha sufuria."

Nikasimama. Hakuna aliyenilazimisha. Nikasema, "Ni mimi. Miaka yote ile mliyokuwa mnakula, ni mimi nilipika. Siku ile nilidanganya. Yeye alisema kweli." Jayantibhai alitazama sahani yake. Watu wakaendelea kula, kwa kuwa chakula kilikuwa kimekwisha kulipiwa. Yule bibi peke yake alinijia mlangoni, akafikiri kidogo, akaniuliza kipimo cha mvuje.

Mama nilimpigia simu usiku ule. Nikamwambia mimi ni mpishi, kwa Mhindi, kama yeye. Akauliza kama Mhindi mwenyewe ananiita kwa jina langu. Nikasema ndiyo. "Basi," akasema mama. "Na haradali unafunika?"

Mwaka uliofuata Maharaj alirudi kwao. Siku ya mwisho alikifuta kigoda kwa kitambaa, akaniambia asikikalie mtu ambaye siku hiyo hajapika. Ndiyo sheria yenyewe, wala si yangu. Gazeti msisomee hapo.

Barua yake ilikuja baada ya miezi mingi, ikiwa na mwandiko wa benki, kila mstari umenyooka. Aliandika kwamba alikwenda nyumbani kwa Nirmala, mtaa wa chini. Alikunywa maji yao. Kisha akaomba jiko, na mkwe wake akamwashia moto. Biringanya zilizidi chumvi, aliandika, lakini walimaliza sufuria nzima. Nirmala alimuuliza nani alimfundisha kupika, akamjibu ni nesi mmoja wa Minneapolis.